Barua kutoka Thika: Muulize Mchunaji

Thika, Kenya

Mpwa wangu,

Nyumbani Morogoro niliwaacha wote wazima, na mimi mwenyewe sijambo ila magoti. Ujumbe wako ulinikuta njiani, nimeshavuka mpaka wa Namanga. Unasema umepata kibali cha kuwinda elki, yule mnyama mkubwa wa pembe, huko Colorado, umenunua bunduki ya .30-06, na muuzaji wa dukani amekupangia mezani maboksi ya risasi mpaka umechanganyikiwa. Sasa unataka mjomba akuambie uchukue boksi gani.

Swali lako limenikuta katika nchi ambayo si mahali pa kuliuliza. Kenya ilifunga uwindaji Mei 1977 na haijaufungua tena. Ukitamka neno risasi ndani ya matatu ya Thika, makanga anapunguza muziki na abiria wote wanakugeukia. Hata hivyo nimekuwa nikizunguka Ruiru na Thika nikiliwaza swali lako, kwa sababu mabishano hayo hayo ya muuzaji wako yalishafanyika katika mabonde haya miaka zaidi ya 100 iliyopita, na aliyeyafanya ni Mmarekani mwenzenu.

Barabara kuu ya kutoka Nairobi, ile pana iliyofunguliwa 2012, inakupitisha Kahawa, Ruiru, Juja, kisha Thika. Dirishani unaona maghorofa ya kupanga, maduka ya mabati na saruji, na mashamba ya kahawa yanayokatwa viwanja. Ruiru ndiko kwenye kituo cha utafiti wa kahawa kilichowapa wakulima aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, lakini kahawa yenyewe inazidi kurudi nyuma kupisha nyumba. Mwenyeji wangu anakaa ghorofa ya nne. Roshani yake inatazama roshani ya jirani, na nguo za jirani ndizo mandhari yake.

Mwaka 1909 hapa palikuwa pori. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi Aprili, wiki chache tu baada ya kuachia urais wa Marekani, na mwezi uliofuata alikuwa Juja, mgeni wa tajiri wa Kimarekani aitwaye William Northrup McMillan. Aliwinda kiboko kwenye mto Ruiru, ambao katika kitabu chake ameuandika Rewero. Kisha akahamia shamba la mlowezi Heatley kando ya mto Kamiti, ambako kundi la nyati lilikuwa likijificha kwenye mafunjo ya kinamasi, akaangusha madume pale. Leo ukitaja Kamiti, Mkenya anafikiria gereza, lile ambalo Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957. Ukimwambia habari za nyati anadhani unamtania.

Roosevelt anakuhusu wewe kuliko mwindaji mwingine yeyote aliyepita huku. Alikuwa amewinda elki kwao kwa miaka mingi kabla ya kuiona Afrika. Tena mwaka 1897 mtaalamu C. Hart Merriam aliita aina moja ya elki kwa jina lake, wale wakubwa wa misitu ya pwani ya Pasifiki. Na kati ya bunduki alizokuja nazo, mojawapo ilikuwa Springfield ya .30-06, kipimo kile kile ulichonunua.

Nyingine mbili zilikuwa nzito. Moja ilikuwa Winchester ya .405, inayorusha risasi ya greni 300, yaani gramu 19 hivi. Hiyo aliiamini sana kwa simba. Nyingine ilikuwa Holland ya mitutu miwili, kazi ya mafundi wa London, yenye risasi ya greni 480, gramu 31, kwa ajili ya tembo, kifaru na nyati. Ile Springfield aliitumia kwa swala na wanyama wa mbuga, akiipakia risasi za jeshi zenye ncha kali na koti gumu, na alizisifu. Ukiingia nazo hizo msituni Colorado leo, mjomba, askari wa wanyamapori atakuandikia faini. Sheria ya huko inataka risasi inayofunguka ikiingia mwilini, yenye uzito wa angalau greni 85 kwa elki, na bunduki isiyo chini ya .24. Kwa hiyo kabla hujauliza ipi nzuri, sheria imeshakuondolea nusu ya meza ya muuzaji.

Ngoja nikueleze kwa nini, maana sheria hiyo ina akili. Kuna risasi ngumu na risasi laini. Ngumu imevikwa koti la chuma au shaba mpaka puani, au ni kipande kimoja kisichokunjika. Inaingia, inapita, haibadiliki umbo. Laini imeachwa pua ya madini ya risasi tupu, au ina tundu, ili ikigusa nyama ichanue na kupanuka. Ile ya kwanza ni ya mnyama mwenye ngozi nene na mifupa mizito, ambaye shida yako kwake ni kufika ndani. Ya pili ni ya mnyama ambaye kufika ndani si shida. Shida ni kumaliza kazi upesi ukishafika.

Utashangaa kwamba vitani ni kinyume. Waingereza walitengeneza risasi za kuchanua katika kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta miaka ya 1890, na mkataba wa The Hague wa 1899 ukazikataza dhidi ya binadamu. Askari akijeruhiwa anaondolewa kwenye mapambano, anatibiwa, anaweza kupona. Mnyama aliyejeruhiwa hana hospitali. Anakwenda kufa kichakani baada ya siku kadhaa, na fisi au mbwa mwitu wanamwanza akiwa hai. Ndiyo maana risasi iliyokatazwa kwa mtu ndiyo inayoamriwa kwa mnyama.

Sasa mimi, kama unavyojua, sikuwa mwindaji. Nilikuwa mchunaji katika kambi za uwindaji za Rungwa na za Selous, enzi zile kabla sehemu kubwa ya Selous haijafanywa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019. Mwindaji anamjua mnyama akiwa amesimama. Mchunaji anamkuta amelala, anamfungua, na humo ndani maandishi yote yapo wazi: risasi imeingia wapi, imegonga nini, imepinda wapi, imeishia wapi. Wageni walikaa usiku motoni wakibishana kuhusu mwendo na uzito, kila mmoja na kampuni yake. Sisi tulikuwa tumeshaona mchana, na hakuna aliyetuuliza.

Tuliona risasi za kila tabia. Kuna iliyopasuka juu ya bega. Kwa nje unaona tundu la kutisha, ukadhani mnyama alikufa papo hapo. Kwa ndani bega limekuwa chenga, nyama nyeusi kwa damu iliyoganda, vipande vya risasi vimetawanyika kama mchanga, na mapafu hayajaguswa. Mnyama huyo alihitaji risasi ya pili na ya tatu. Kuna iliyopita moja kwa moja bila kufunguka: tundu dogo la kuingilia, tundu dogo la kutokea, na mnyama tulimpata mbali sana, wakati mwingine fisi wametutangulia. Halafu kuna ile iliyofanya kazi yake. Imeingia ndogo nyuma ya bega, imechanua, imepita mapafu yote mawili, na tunaikuta chini ya ngozi upande wa pili, imepanuka mara mbili ya unene wake lakini uzito wake karibu wote upo. Hiyo mgeni alikuwa akiiosha na kuiweka mfukoni.

Mnyama aliyetufundisha zaidi alikuwa pofu. Huyo ndiye wa karibu zaidi na elki wako kwa upande wa risasi, ila ni mkubwa kuliko yeye. Pofu dume mzima anafika kilo 700 na kuzidi. Elki dume ana kilo 300 hadi 400. Wote wawili wana ngozi ya kawaida, kifua kirefu, bega lenye mfupa wa maana na nyama nyingi juu yake, na wote wana roho ngumu: wanaweza kutobolewa mapafu na wakaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Risasi inayofaa paa mdogo inapasuka kwenye bega la pofu. Risasi inayofaa nyati inampita pofu bila kufunguka. Anataka ile ya katikati, inayofunguka lakini haivunjiki.

Watengenezaji waligundua hilo kwa uchungu. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikwenda kuwinda British Columbia, Kanada, akampiga musi, yule mkubwa kuliko elki, aliyekuwa amejipaka matope yaliyokauka. Risasi zake zilizokwenda kasi zilipasuka juu juu zisifike ndani. Akarudi nyumbani akabuni risasi yenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa shaba: cha mbele kinachanua, cha nyuma kinabaki kizima na kusukuma mpaka mwisho. Alianza kuiuza 1948 kwa jina la Partition, na hadi leo wawindaji wengi wa elki wanaipakia. Baadaye zikaja zilizounganishwa risasi na koti kwa moto ili zisiachane, na tangu miaka ya 1980 mwishoni zikaja za shaba tupu zisizo na risasi ndani kabisa.

Kuhusu hizo za shaba nina la kusema, nikiwa nimeshika nyama kwa mikono yangu. Risasi ya kawaida huacha vipande vidogo mbali na tundu lenyewe, kiasi kwamba unakata sehemu iliyoharibika, unadhani umemaliza, na kesho yake mtu anatafuna kitu kigumu kwenye mchuzi. Madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Utumbo utakaouacha porini nao unaliwa na ndege. Jimbo la California lilipiga marufuku kabisa risasi za madini hayo kwa uwindaji kuanzia Julai 2019, baada ya tai wao wakubwa waitwao kondori kufa kwa sumu yake. Huku Kenya tumbusi wanauawa kwa dawa za kuulia wadudu zinazopakwa kwenye mizoga ili kukomesha simba; sababu nyingine, ndege wale wale. Mtu anayekula nyama aliyoiwinda na kuwalisha wanawe, shaba inamfaa.

Lakini usidanganywe na ukubwa. Hapo Uganda ya kaskazini mashariki, Karamoja, mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na Mskochi, Walter Bell, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya .275 ambayo muuzaji wako angekuambia ni ya swala. Alitumia risasi ngumu ndefu. Siri yake haikuwa dukani. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa, ukitazamwa kutoka kila upande. Alifanya kazi ya mchunaji kwanza, ndipo akawa mwindaji. Sikusifii mauaji yale, maana tembo wa Karamoja hawakurudi kuwa kama walivyokuwa. Nakuonyesha tu kwamba mwenye risasi ndogo na elimu ya mwili alimshinda mwenye mzinga asiyejua anapiga nini.

Roosevelt mwenyewe alikiri kwamba hakuwa mpiga shabaha hodari. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika kwa ngumi za mazoezi akiwa rais. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, na nyuma yao walikuwa na mtaalamu wa jumba la makumbusho la Smithsonian, Edmund Heller, aliyesimamia uchunaji wa wanyama wakubwa, na tani 4 za chumvi kwa ajili ya ngozi. Tani nne, mjomba, zikibebwa kichwani na wapagazi! Sisi Rungwa tulipewa magunia tukalalamika ni mazito.

Juzi nilifika Thika yenyewe. Nilikunywa chai Blue Posts, hoteli iliyopo tangu 1908 kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika, kisha nikapanda gari kuelekea mlima Kilimambogo, kupita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho. Mlima huo una urefu wa mita 2,145 na ni hifadhi ya taifa tangu 1967. McMillan alifariki 1925 na amezikwa humo. Alikuwa mtu mnene ajabu. Wenyeji wanasimulia kwamba ilikusudiwa azikwe kileleni, gari likashindwa, akaachwa njiani. Nyati wangali wapo. Nilimwona dume mmoja pembezoni mwa msitu, ananitazama kwa ile sura yao ya mtu aliyekukopesha. Kwa huyo, kanuni za kwetu Tanzania zinataka bunduki isiyopungua .375, na nakubaliana nazo. Hapa hawaruhusu bunduki yoyote, na yule dume anaonekana kulijua hilo.

Jioni mwenyeji wangu alinipeleka bucha moja Ruiru tule nyama choma. Mzee wa meza ya jirani alisikia mazungumzo yetu akauliza, "Huyo kijana wa Amerika ana njaa?" Nikamwambia hana. "Sasa anatafuta nini kwa mnyama wa wenyewe?" Nikamweleza kwamba elki mmoja anajaza jokofu la familia mwaka mzima, kwamba Colorado ina elki wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani na idadi ya vibali inapangwa na serikali, na kwamba kwa sheria ya 1937 ushuru wa asilimia 11 unaotozwa kwenye risasi Marekani unarudi kuhifadhi wanyamapori. Akatafuna, akafikiri. "Sisi hapa tulifunga," akasema. "Tukawaachia watalii wenye kamera. Lakini mbuzi huyu pia alikuwa na mama." Akaongeza kachumbari.

Sikubishana naye. Kwetu tuliendelea na uwindaji wa vibali, kwao wakaufunga, na kila upande una hasara zake za kuonyesha. Ila swali lake nakuletea wewe, kwa sababu jibu lake ndilo linaamua risasi. Kama unatafuta pembe za kutundika ukutani, nunua chochote. Kama unatafuta nyama, na unataka mnyama asiteseke, basi sikiliza.

Chukua risasi ya shaba tupu ya greni 165 hivi, au ya vyumba viwili ya greni 180. Ya shaba inakuwa nyepesi kidogo kwa sababu shaba haina uzito wa risasi, na kwa greni zile zile inakuwa ndefu mno. Nunua maboksi mawili ya aina mbili, upige zote kwenye uwanja wa shabaha, na uchague ile ambayo bunduki yako inaikusanya karibu karibu. Kila mtutu una mapenzi yake. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 180, risasi ya greni 180 itashuka takribani sentimita 20 kwa mita 275. Usipige zaidi ya hapo. Hata kama itafika, itakuwa imepoa mwendo, na risasi iliyopoa haichanui vizuri, hasa ya shaba.

Subiri asimame ubavu. Mapafu ya elki yana upana wa kutosha kwa mtu aliyetulia: lenga nyuma tu ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Usipige kichwa, usipige shingo, usipige anayekukimbia. Ukishapiga, pakia nyingine papo hapo na uendelee kumtazama. Akibaki amesimama, piga tena, hakuna sifa ya kuokoa risasi moja. Akitoweka, kaa chini nusu saa ndipo ufuate damu. Yenye povu ni ya mapafu, utamkuta karibu. Yenye uchafu wa majani ni ya tumbo, ngoja saa kadhaa, na usirudi nyumbani bila kumpata.

Ukimpata, mfungue mwenyewe. Usimlipe mtu. Fuata tundu kwa kidole mpaka mwisho, uone risasi yako imefanya nini, halafu niandikie. Hapo ndipo utajua kama boksi ulilonunua ni zuri, na mwakani hutahitaji kumuuliza muuzaji wala mimi.

Ni mimi mjomba wako.